Presha ya mashine ya CPAP: namba ya mwisho kuguswa

Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba presha yangu imepandishwa kutoka 7 hadi 9, nusura apande basi la usiku aje kuniuguza. Nikamweleza kuwa si presha ya damu, ni ya hewa, ile inayotoka kwenye mashine ninayovaa puani nikilala. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo unapulizwa usiku kucha?" Ndiyo mama, napulizwa. "Basi wasikupulize kupita kiasi, mwanangu."

Watu wengi wanaokatika pumzi usingizini, wakishapewa CPAP (ndiyo hiyo mashine ya kupuliza hewa) na bado wanaamka wamechoka, hukimbilia namba: ipandishwe. Nami nilikuwa hivyo. Miaka minne ya kulala na mpira usoni imenifundisha kuanza kwingine. Barakoa kwanza, halafu mdomo na mto wa kulalia, kisha presha ya chini. Ile ya juu huguswa mwisho, kama bado kuna sababu.

Namba yenyewe inapima nini

Presha ya CPAP hupimwa kwa sentimita za maji. Chukua glasi ndefu, zamisha mrija sentimita 10 ndani ya maji, kisha puliza mpaka povu litokee kwenye ncha ya chini. Nguvu uliyotumia ndiyo presha ya 10. Ni karibu sehemu moja tu ya mia ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Haikupumulii, unapumua mwenyewe. Kazi yake ni kushikilia koo lisibonyee, kama hewa inavyolishikilia tairi.

Mashine nyingi za watu wazima huanzia 4 na kukomea 20. Colin Sullivan, daktari wa Sydney, Australia, aliyeianzisha tiba hii mwaka 1980, aliripoti mwaka uliofuata kuhusu wagonjwa watano wenye hali mbaya. Presha ya kati ya 4.5 na 10 ilitosha kuzuia koo lisizibe kwa wote watano. Huwa nakumbuka habari hiyo kila mtu anaponiambia kwa fahari kwamba yeye yuko 16. Wapo wanaoihitaji 16 kweli, lakini si cheo.

Kabla ya kugusa chochote

Kama una moyo uliodhoofika, ugonjwa sugu wa mapafu, ugonjwa wa misuli au neva unaodhoofisha upumuaji, au unatumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, hatua zinazobadilisha namba usizifanye peke yako. Kwa watu hawa pumzi inaweza kukatika kwa sababu ubongo haukutuma amri ya kuvuta hewa, si kwa sababu koo limeziba, na kuongeza presha kunaweza kuharibu zaidi. Soma sehemu ya kumbukumbu (Hatua ya 1) na ya barakoa (Hatua ya 2), kisha zipeleke kumbukumbu hizo kwa daktari.

Wengine wote, muulizeni daktari swali moja la wazi: "Naruhusiwa kusogea kati ya ngapi na ngapi?" Ukishapewa mipaka, andika. Daktari wangu aliniandikia nyuma ya kadi ya kliniki, na kadi hiyo bado ninayo.

Neno kwa walionunua mashine iliyotumika, iliyoletwa na ndugu kutoka Ulaya au Marekani au iliyopitia Dubai. Mashine hiyo ina namba za mtu mwingine. Usilale nayo kabla hazijafutwa na kuwekwa zako. Angalia pia toleo lake: Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mamilioni ya mashine, DreamStation za kwanza zikiwemo, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa ikimeguka na chembe zake kuweza kuingia kwenye hewa ya mtumiaji. Bei nafuu ya mnadani huenda ina sababu.

Hatua ya 1: Wiki moja ya kusoma bila kubadilisha

Mashine nyingi za sasa huonyesha ripoti asubuhi kwenye kioo chake au kwenye simu. Nunua daftari dogo na uandike mambo manne kila siku: saa ulizolala nayo, AHI, kiwango cha kuvuja, na presha iliyotumika. Ongeza mstari mmoja wa maneno yako: uliamka mara ngapi, kichwa kiliuma, mdomo ulikauka, ulikunywa pombe, mafua.

AHI ni wastani wa matukio kwa saa, yaani mara ambazo pumzi ilikatika kabisa au ilipungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Chini ya 5 huhesabiwa kuwa kawaida, 5 hadi 15 ni hafifu, 15 hadi 30 ni wastani, na kuanzia 30 ni kali. Kumbuka kwamba mashine hugawanya matukio kwa saa ilizowashwa, si saa ulizolala. Ukikaa macho saa mbili ukitazama dari huku imewashwa, AHI itaonekana ndogo bila sababu.

Usihukumu kwa usiku mmoja. Nina usiku wa 1.2 uliofuatiwa na usiku wa 7, hakuna kilichobadilika ila nililala chali.

Anayetaka kuona zaidi atoe kadi ya SD kwenye mashine na kuifungua kwa OSCAR, programu ya bure ya kompyuta inayochora kila pumzi ya usiku mzima. Kabla ya kuichomeka, sogeza kile kiswichi kidogo cha ubavuni mwa kadi upande wa kufunga, ili kompyuta isiandike chochote juu yake. Kabla ya kuirudisha, kifungue.

Hatua ya 2: Ziba pancha

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunaporuka. Mke wangu ndiye aliyenigundua. Asubuhi moja aliniambia, "Baba Neema, jana hukukoroma, lakini ulikuwa unapiga mluzi kama tairi lenye pancha." Nikafungua ripoti: hewa ilikuwa ikivuja karibu usiku wote. Nami wiki hiyo nilikuwa nimejiandaa kuomba presha ipandishwe!

Hewa ikivuja sana, presha inayofika kooni si ile iliyoandikwa kwenye kioo, na mashine yenyewe inapoteza uwezo wa kutambua tukio la aina gani limetokea. Ukipandisha presha juu ya barakoa inayovuja, unaongeza uvujaji. Kwenye mashine za ResMed, uvujaji unaozidi lita 24 kwa dakika huhesabiwa kuwa mkubwa. Hewa inayotoka kwenye vitundu vya barakoa haimo humo. Hiyo ni ya makusudi, inatoa hewa chafu uliyopumua. Usivizibe kwa plasta, hata kama vinakupuliza mkononi.

Fanya hivi. Nawa uso kwa sabuni kabla ya kulala, na usipake mafuta wala losheni sehemu ambazo silikoni inagusa. Osha silikoni yenyewe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kwa sababu jasho na mafuta huifanya iteleze. Kisha lala kama unavyolala kweli, washa mashine, na ukaze mikanda ukiwa umelala. Uso uliosimama si uso uliolala, mashavu yanahama. Mashine nyingine zina jaribio la barakoa, ambalo hupuliza kwa presha ya matibabu kwa muda mfupi ili uone panapovuja, litumie.

Ikivuja, usikimbilie kukaza. Ivute barakoa mbele kidogo mpaka iachane na ngozi, iache ijae hewa, irudi yenyewe. Mikanda iliyokazwa mno hukunja silikoni na kuongeza uvujaji, halafu unaamka na alama ya kovu puani. Hakikisha pia aina ya barakoa uliyoichagua kwenye menyu ndiyo uliyoivaa: ya puani, ya vijipuli vya tunduni (vya silikoni, vinavyokaa kwenye matundu ya pua), au ya pua na mdomo. Ndugu zangu wenye ndevu nene, ninyi jaribuni vijipuli.

Halafu mdomo. Ukiamka ulimi umekauka kama kipande cha ngozi, hewa inaingia puani na kutokea mdomoni. Tibu kwanza pua iliyoziba: maji ya chumvi, au dawa ya mzio kwa ushauri wa mfamasia. Ikishindikana, kuna mkanda wa kidevu au barakoa ya pua na mdomo. Ujue tu kwamba ukihamia barakoa kubwa, presha unayoihitaji inaweza kupanda.

Na chandarua. Mashine ikae nje, juu ya stuli iliyo chini kidogo ya kitanda. Mpira upite chini ya pindo la chandarua upande wa kichwani, halafu uchomeke pindo vizuri chini ya godoro. Angalia mpira usikunjwe na godoro, na usiuache ulale kwa uzito ukivuta barakoa. Mimi nimeufunga kwa utepe kwenye ubao wa kitanda.

Usiendelee mbele mpaka uvujaji utulie kwa siku tano au zaidi. Kuna watu ambao safari yao inaishia hapa, na AHI inashuka bila namba kuguswa.

Hatua ya 3: Tazama ni matukio gani

AHI ya 8 haijakwambia jambo. Inaweza kuwa matukio ya koo kuziba, au ya njia kuwa wazi bila pumzi kuvutwa, ambayo kwenye ripoti huandikwa CA. Yale ya koo kuziba hupungua presha ikiongezwa. Ya njia wazi hayapungui, na wakati mwingine presha ndiyo inayoyaleta. Kwa baadhi ya wanaoanza CPAP, haya ya pili huonekana wiki za mwanzo na mara nyingi hupotea yenyewe mwili ukizoea. Yakibaki juu ya matano kwa saa baada ya miezi miwili au mitatu, acha kuchezea namba na upeleke daftari kwa daktari.

Halafu tazama saa yalipotokea. Yakiwa yametawanyika usiku wote ni jambo moja. Yakija kwa mafungu, mathalani thelathini ndani ya nusu saa kisha kimya, mara nyingi kidevu kimeinama kifuani au umelala chali. Presha haiwezi kuinua kidevu. Mto wangu wa zamani ulikuwa mnene wa sufi, zawadi ya harusi. Nilipoubadilisha na mwembamba, mafungu ya saa tisa usiku yalikoma. Mpira wa tenisi ulioshonwa mgongoni mwa fulana ni dawa ya zamani ya wanaolala chali, na bado inafanya kazi, ingawa utachekwa.

Hatua ya 4: Inua sakafu

Sasa namba. Kama mashine yako ni ya presha moja isiyobadilika, mabadiliko ni nusu au moja kwa wakati, ndani ya mipaka ya daktari, kisha unasubiri. Maabara ya usingizi hupandisha presha kila baada ya dakika tano au zaidi, lakini pale kuna mtaalamu anayetazama ubongo, kifua na oksijeni yako papo kwa papo. Wewe umelala. Subiri angalau siku tano, ikiwezekana saba.

Kama ni ya kujirekebisha yenyewe, ina namba mbili, ya chini na ya juu. Nyingi hutoka dukani zikiwa 4 hadi 20, na hapo ndipo shida ilipo. Mtu anayehitaji 9 anaanza usiku kwenye 4. Mashine inangoja dalili, inapanda polepole, na kabla haijafika koo limeshaziba mara kadhaa. Kisha inashuka, na mchezo unaanza upya. Wengi pia huona 4 kama wanakosa hewa, wakaing'oa barakoa wakidhani presha ni kubwa, kumbe ni ndogo.

Tafuta kwenye ripoti presha ya asilimia 95, yaani ile ambayo mashine ilikuwa chini yake au sawa nayo kwa asilimia 95 ya usiku (mashine za Philips hutumia 90), na ile ya katikati. Chukua mfano wangu: nilikuwa 4 hadi 20, ya katikati 8.2, ya asilimia 95 ilikuwa 10.6, AHI karibu 7, mengi yakiwa ya koo kuziba, uvujaji mdogo. Nilipandisha ya chini hadi 6 kwa wiki, halafu 7, halafu 8. Kwenye 8 AHI ilitua kati ya 2 na 3. Nilijaribu 9 kwa tamaa. AHI haikushuka zaidi, tumbo likajaa hewa. Nikarudi 8.

Ukiona hivyo, yaani namba inapanda lakini AHI imesimama, umeshafika. Kutoka 2 kwenda 1 si faida utakayoisikia asubuhi.

Ya juu iache mwanzoni. Inahitaji kushushwa pale tu mashine inapokimbilia 15 au 17 na kukuamsha, mara nyingi ikifuata uvujaji au kidevu kilichoinama. Ukiiweka moja au mbili juu ya ile ya asilimia 95, unabaki na nafasi ya usiku wa mafua bila kuamshwa na kimbunga.

Menyu yenye namba hizi hufichwa kwa makusudi kwenye mashine nyingi. Mwombe daktari au muuzaji akuwekee, au akuonyeshe mwenyewe namna ya kuifungua. Piga picha ya kila ukurasa kabla ya kugusa kitu.

Hatua ya 5: Nafuu ya kutoa pumzi

ResMed huiita EPR, Philips huiita Flex. Hupunguza presha unapotoa pumzi, kwa 1, 2 au 3 kwenye EPR. Raha yake ni kubwa kwa anayeanza. Ila haiji bure: ukiwa 7 na EPR 3, ukitoa pumzi umebaki na 4, na mwisho wa kutoa pumzi ndipo koo huwa rahisi kubonyea. Ukiongeza EPR na matukio ya kuziba yakaongezeka, inua ya chini kwa 1. Matukio ya njia wazi yakiongezeka, punguza EPR. Kitu kimoja tu kwa wakati, vinginevyo hutajua kilichosaidia.

Kile kipindi cha presha kupanda taratibu mwanzoni mwa usiku ni cha starehe tu. Kikiwekwa dakika 45 kwa mtu anayesinzia kwa dakika tano, unalala dakika 40 bila tiba kamili. Weka cha kujirekebisha chenyewe kama kipo, au dakika 10.

Tumbo kujaa hewa, kucheua na kujamba asubuhi (tuseme ukweli, hutokea) ni ishara ya hewa kuingia njia ya chakula. Kula mapema, inua kichwa cha kitanda, ongeza EPR kidogo, au shusha presha kwa nusu mpaka pale AHI inaporuhusu.

Mahali unapoishi

Mombasa, Tanga au Unguja hewa ina unyevu wa kutosha. Tangi la maji linaweza kuwa chini kabisa au kuzimwa, na umeme ukapungua. Nyanda za baridi ni kinyume: hewa yenye mvuke inapoa ndani ya mpira, maji yanadondokea puani na mashine inasoma ovyo. Shusha unyevu au uvalishe mpira soksi ya kitambaa. Tumia maji yaliyokenekwa ya famasia. Maji ya chupa huacha magadi kwenye tangi. Maji ya betri ya kituo cha mafuta usiyaguse kabisa. Chupa zake hukaa rafu moja na asidi.

Mwinuko nao una neno. Mashine mpya hujirekebisha zenyewe, AirSense 10 ya ResMed kwa mfano hadi mita 2,591, lakini za zamani zina sehemu ya kuweka mwinuko kwa mkono. Anayetoka pwani kwenda Eldoret, zaidi ya mita 2,000, akiona matukio ya njia wazi siku za mwanzo asikimbilie namba.

Umeme ukikatika mashine inazima, nawe kwa kawaida utaamka. Barakoa kubwa ina vali inayofunguka kuleta hewa. Mashine zikiwa za Marekani, nyingi hupokea volti 100 hadi 240, soma nyuma ya adapta, ubadilishe plagi tu. Weka kilinda umeme kama cha friji. Betri ndogo itadumu zaidi ukizima joto la tangi, maana ndilo linalokula umeme mwingi.

Lini urudi hospitali

Rudi ukiwa umepungua au kuongezeka uzito kwa sehemu moja ya kumi, ukianza dawa mpya za usingizi au maumivu, au AHI ikigoma juu ya 5 baada ya hatua zote. Rudi pia kama AHI ni nzuri lakini bado unasinzia ukiendesha gari, au kipimo cha kidole kinaonyesha oksijeni ikikaa chini ya 90 usiku. Na ukisinzia, usiendeshe, hata kama ni mpaka sokoni.

Beba daftari, picha za menyu na kadi ya SD. Daktari mwenye dakika kumi atafanya mengi akiwa na wiki sita za namba mkononi. Ukirudi nyumbani, kadi irudishe kwenye mashine kabla hujalala, kiswichi kikiwa kimefunguliwa. Yangu imeshalala kwenye laptop mara mbili.